Jiji na akili: nani ameshika kitufe?

"Yule dada ana afya ya akili." Kauli hii siku hizi inasikika vijiweni, ndani ya daladala na chini ya kila habari ya mtu aliyejitoa uhai au kumdhuru mwenza wake, na anayeitamka anamaanisha kinyume cha anachosema. Anataka kusema dada huyo hayuko sawa. Afya ya akili ni kitu ambacho kila mtu anakihitaji, kama afya ya moyo au ya meno. Aliyeugua ana ugonjwa wa akili, au tatizo la afya ya akili. Kosa linaonekana dogo, ila lina gharama. Neno la heri likishageuzwa tusi, anayelihitaji analikwepa, na kliniki yenye maneno hayo mlangoni anaipita kichwa chini.

Kauli ya pili ni "stresi za mjini". Hiyo inabebeshwa kila kitu: ukali wa kondakta, ndoa kuvunjika, ulevi wa jirani, ugonjwa wa kijana aliyeacha kazi akajifungia ndani. Kwa hesabu za sensa, Dar es Salaam imetoka watu milioni 4.4 mwaka 2012 hadi milioni 5.4 mwaka 2022, na wengi wanahisi kwamba kadiri jiji linavyojaa ndivyo vichwa vinavyovurugika. Kuna ukweli hapo, ila si kwa namna tunavyouzungumza, na ukiuelewa vibaya utatafuta dawa mahali pasipo na ugonjwa.

Maneno kwanza

Msongo wa mawazo ni mwili na akili vikijibu mzigo. Mtu akijitwisha ndoo ya lita 20 kutoka bombani, shingo inakaza na pumzi inapanda. Akiitua, baada ya dakika chache mwili unarejea. Msongo wa namna hiyo si ugonjwa, tena una faida: ndio unaokuamsha siku ya mtihani na kukurusha pembeni bodaboda inapokuja kasi. Kazi hiyo hufanywa na homoni, adrenalini ya papo kwa papo na kotisoli inayodumu zaidi, ambazo hupandisha mapigo ya moyo na kuongeza sukari kwenye damu. Shida huanza ndoo inapokosa pa kutuliwa. Uzito ni uleule, lakini kutwa nzima, na kesho tena: usingizi unakatika, tumbo linavurugika, mtu anawakaripia watoto wasio na kosa.

Wasiwasi uliopitiliza ni mbwa wa ulinzi aliyeshindwa kunyamaza. Mwizi hayupo, lakini moyo unadunda, viganja vinatoka jasho, na kichwa kinatafuta hatari mpaka kiipate.

Sonona ni jambo jingine. Hapa ndoo imeshatuliwa na shingo bado haigeuki. Matabibu hutafuta dalili tisa: huzuni au utupu karibu kutwa nzima, kutovutiwa na chochote, hata mpira au mjukuu, usingizi kupungua au kuzidi, hamu ya kula au uzito kubadilika, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, uchovu, kujilaumu na kujiona huna thamani, kushindwa kufikiri na kuamua, na mawazo ya kifo. Zikifika tano, mojawapo ikiwa kati ya mbili za mwanzo, karibu kila siku kwa wiki mbili, na shughuli za mtu zimeyumba, hiyo ni sonona. Wagonjwa wengi wa kwetu hawaanzi kwa kutaja huzuni. Wanataja kichwa kuuma, mwili kuwaka moto, moyo kwenda mbio, na wanapimwa malaria na taifodi mara kadhaa kabla mtu hajawauliza wanalalaje.

Mwisho kuna saikosisi: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kuamini bila kutikisika kwamba watu wanakufuatilia. Mtaani huitwa kichaa. Ni nadra kuliko sonona kwa mbali, lakini ndiyo inayowajia watu wakisikia maneno "ugonjwa wa akili", na ndiyo sababu mwenye sonona hujibu "mimi si kichaa" akabaki nyumbani.

Je, mji unatia wazimu?

Swali ni la zamani. Mwaka 1939 Robert Faris na Warren Dunham walichora ramani ya Chicago wakaonyesha kwamba wagonjwa wa skizofrenia, ambayo ni aina mojawapo ya saikosisi, walikuwa wengi zaidi katikati ya jiji na wakipungua kadiri unavyokwenda pembezoni. Ubishi ukaanza na haujaisha: mji ndio uliowaletea ugonjwa, au walioanza kuugua ndio walioishia huko baada ya kupoteza kazi na ndugu? Yeyote anayekaa karibu na stendi kubwa anajua kwamba yote mawili yanawezekana.

Denmark iliongeza uzito upande wa kwanza. Mwaka 2001 Carsten Pedersen na Preben Mortensen walipitia kumbukumbu za Wadenmark zaidi ya milioni moja na nusu, wakaona kwamba waliokaa jiji kuu, Copenhagen, miaka yote 15 ya mwanzo ya maisha walikuwa na hatari ya skizofrenia karibu mara 2.75 ya waliokaa vijijini muda huohuo. Tafiti za nchi tajiri zilizojumlishwa mwaka 2010 zilionyesha matatizo ya aina ya sonona yakiwa juu mjini kwa takriban asilimia 39, na ya wasiwasi kwa asilimia 21. Mwaka uliofuata kundi la Andreas Meyer-Lindenberg la Mannheim, Ujerumani, liliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, likawapa hesabu ngumu huku wakikaripiwa. Kwa wakazi wa majiji, amigdala, ile kengele ya hatari iliyo ndani kabisa ya ubongo, iliwaka zaidi kuliko kwa wakazi wa vijijini.

Hapo wengi hufunga mjadala. Lakini mwaka 2018 yalitoka matokeo ya nchi 42 za kipato cha chini na cha kati, watu zaidi ya 200,000, na humo uhusiano kati ya kuishi mjini na dalili za saikosisi haukuonekana. Kwa hiyo mji wenyewe, kwa maana ya majengo na wingi wa watu, si sumu. Kinachomuumiza mtu Copenhagen huenda hakipo Kahama, na kijiji chenye ukame, kisicho na zahanati, nacho kina mizigo yake. Kumwambia mwenye sonona "rudi kijijini utapona" ni kubahatisha. Anaweza kupata usingizi mzuri zaidi huko. Anaweza pia kuikosa dawa, na kuongezewa aibu ya kurudi mikono mitupu.

Kitufe ambacho hakikubonyezwa

Jaribio linalosaidia kuliko yote kuelewa maisha ya mjini halikuhusu hata majengo. Wamarekani David Glass na Jerome Singer, ambao kazi yao ilichapishwa mwaka 1972, waliwasikilizisha watu kelele kali zisizo na mpangilio, kisha wakawapa mafumbo magumu na kazi ya kusahihisha maandishi. Nusu yao waliambiwa: kitufe hiki hapa, ukizidiwa bonyeza kelele zitazima, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakubonyeza. Walisikia kelele zilezile kama wenzao, lakini baadaye walivumilia mafumbo kwa muda mrefu zaidi na walikosea kidogo. Na kelele zilizokuja kwa mpangilio ziliwachosha watu kidogo kuliko zilizokuja ovyo.

Maana yake ni kwamba kelele huchosha, ila kutojua zitaanza lini, na kutokuwa na uwezo wa kuzizima, huchosha zaidi. Ndivyo mji unavyofanya kazi. Unamnyang'anya mtu maamuzi madogo madogo: alale saa ngapi, afike saa ngapi, akae nyumba hii hadi lini, nani asikie ugomvi wake na mkewe. Tukiliita jiji hili Bongo, kwa maana ya kwamba bila ubongo huishi hapa, tunasifia ujanja. Ila ubongo huo unalipa gharama kwa kuwa macho muda wote.

Tuanze na usingizi, kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika mapema na ndipo hurekebishika kwa bei nafuu.

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10 Manzese au Tandale: tofali za saruji, bati juu, hakuna dari. Kutwa bati linapigwa na jua na ukuta unameza joto. Usiku ukuta unalitapika polepole hadi alfajiri. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili linapaswa kushuka, karibu nyuzi moja ya Selsiasi. Januari na Februari hewa yenyewe ya Dar haishuki sana chini ya nyuzi 25 usiku, na unyevunyevu unazuia jasho kukauka. Dirisha lingefunguliwa, lakini nje kuna mbu, mwizi na spika. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilipendekeza kwa Ulaya kwamba wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60, na kila desibeli 10 zikiongezeka sikio husikia kama sauti imekuwa maradufu. Wengi husema "nimeshazoea". Masikio ya akili huzoea, mwili hauzoei sawasawa: hata usipoamka, honi au besi ikipiga mapigo ya moyo huruka na usingizi mzito hukatika.

Feni hapa hufanya kazi mbili, kupuliza jasho na kutoa mvumo wa sauti moja unaozifunika zile za ghafla. Usiku hewa ya nje ikiwa ya baridi kuliko ya ndani, feni iliyowekwa dirishani ikitazama nje huvuta joto la chumba na kuruhusu hewa mpya iingie upande wa pili. Dari, hata ya bei ndogo, yenye nafasi ya hewa kati yake na bati hupunguza joto kuliko feni ya pili. Kuoga maji ya uvuguvugu saa moja kabla ya kulala husaidia mwili kuachia joto. Vizibo vya masikio vya sponji huuzwa maduka ya vifaa vya ujenzi na baadhi ya maduka ya dawa, na watu wengi huvilaumu bure kwa sababu wanavisukuma vikiwa vimetanuka. Kifinyange kiwe chembamba kama njiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kishikilie kwa sekunde 30 kijae chenyewe. Pombe ya kutafutia usingizi hulaza haraka na kukatisha usingizi usiku wa manane. Diazepamu, dawa ya kutuliza, inayonunuliwa kaunta bila cheti humfanya mtu aitegemee ndani ya wiki chache, na akiiacha ghafla usingizi unakuwa mbaya kuliko alipoanza.

Njia ya kwenda kazini nayo ni ya kupigia hesabu. Anayetoka Chanika au mwisho wa Mbagala kwenda mjini anaweza kutumia saa 2 kwenda na saa 2 kurudi. Kwa siku 6 ni saa 24, siku nzima ya wiki imeliwa barabarani. Tena kinachochosha zaidi ni kutojua. Leo dakika 50, kesho saa 2 na nusu, na bosi hatofautishi. Mabasi ya mwendokasi, yanayopita njia yake pekee, yalipoanza Mei 2016, kilomita 20.9 za awamu ya kwanza, Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, zilileta kitu ambacho foleni ilikuwa imekiua: uhakika. Mabasi yakiwa machache kituoni, uhakika huo unapotea tena na abiria anarudi kulekule. Kwa asiye na namna ya kuhama, kinachosaidia ni kuchagua basi la mapema ambalo halibadiliki hata kama unafika nusu saa kabla, na nusu saa hiyo ikawa yako: chai, maombi, kimya. Kuondoka dakika za mwisho kunaokoa usingizi wa dakika 20 na kukupa saa 2 za moyo juu.

Kodi ni mtego wa aina yake. Mama lishe au dereva wa bodaboda anaingiza hela kwa siku, lakini mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mpigo. Chumba cha shilingi 70,000 ni 420,000, na kwa anayehamia ongeza 70,000 za dalali. Deni lisilo na tarehe nzuri ndilo linalozaa mikopo ya kausha damu na zile programu za simu zinazowapigia ndugu zako wote ukichelewa. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ililazimika kutangaza orodha ya programu zinazokopesha bila leseni. Hofu ya hela hula nafasi ya kufikiria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno: watu walewale walifanya vizuri zaidi mitihani ya kufikiri baada ya kulipwa. Akili haikuwa imeongezeka, shida ndiyo ilikuwa imepungua. Kwa hiyo mwenye madeni anayefanya maamuzi mabovu asihesabiwe mjinga. Njia inayowezekana kwa kipato cha siku ni kuigeuza kodi iwe ya siku: 420,000 kwa siku 180 ni kama 2,350, ziende kila jioni mahali ambapo huwezi kuzichomoa kirahisi, kwenye kikoba au kibubu kilichopigiliwa misumari. Anayesubiri "mwezi wa tano nitatafuta" ndiye anayekopa mwezi wa sita.

Wengi, na mpweke

Hoja ya kwamba mjini huwezi kuwa mpweke kwa sababu watu wamejaa inachanganya kuonekana na kujulikana. Kwenye nyumba ya vyumba sita yenye mita moja ya LUKU, majirani wanajua umekula nini na umegombana na nani, na ugomvi wa nani amemaliza umeme unaweza kuchukua wiki. Faragha hamna, na wa kumweleza shida pia hamna, kwa kuwa siri itafika kisimani kabla yako. Upande wa pili, ndani ya geti la Mbezi, mtu anaweza kukaa miaka mitatu bila kujua jina la jirani. Wote wawili wanakosa kitu kilekile, mtu mmoja au wawili wa kuaminika. Upatu, vikoba, kwaya, madrasa za watu wazima na timu za mchangani zina nguvu hapa kwa sababu moja ya kawaida sana: usipotokea, mtu anauliza uko wapi.

Zimbabwe wameligeuza jambo hili kuwa tiba. Daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kule Mbare, Harare, na bibi 14 waliokaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Wazimbabwe huita shida ya wagonjwa hao *kufungisisa*, kufikiri kupita kiasi, karibu kabisa na mtu wa kwetu anaposema "nina mawazo". Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6, waliokaa na bibi na kubaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14, dhidi ya 50 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mradi umefika Malawi na Zanzibar.

Utaratibu wao unaweza kuigwa na watu wawili wanaoaminiana. Anayeumia anataja shida zote, bila kukatizwa, na msikilizaji anaziandika. Kisha anachagua moja tu, ile anayoweza kuigusa wiki hii. Hapo ndipo watu hukosea, wanachagua "umaskini" badala ya "deni la duka la Mangi". Wanataja njia zote zinazowezekana, hata za kipuuzi, kisha anachagua mwenyewe. Ushauri wa msikilizaji ukitangulia, kazi inaharibika. Mpango unaandikwa kwa siku na saa: Jumatano saa 10 jioni nitakwenda kwa Mangi na 5,000 na kuomba kulipa kidogo kidogo. Wiki inayofuata wanakutana kuona kilichotokea. Vikao sita kwa kawaida. Shida hazijaisha, lakini mtu ameshika kitufe.

Miti pia inafanya kazi, ingawa watu huona ni mambo ya watalii. Kule Philadelphia watafiti waligawa viwanja 541 vilivyotelekezwa kwa kura, vingine vikasafishwa na kupandwa nyasi na miti. Mwaka 2018 waliripoti kwamba wakazi wa jirani na viwanja hivyo waliojisikia wenye huzuni walipungua kwa asilimia 41. Uingereza, saa 2 kwa wiki kwenye mazingira ya asili, hata zikigawanywa, ziliambatana na afya njema na kuridhika na maisha. Wanairobi wanaojua Wangari Maathai alivyopigania msitu wa Karura hawahitaji kuelezwa. Kwa Dar, ufukwe ni wa bure mahali pachache tu, na kila kiwanja cha wazi kinachouzwa mtaani kinamhusu mkazi moja kwa moja. Akalisemee kwenye mkutano wa serikali ya mtaa kabla tofali halijashuka.

Inapokuwa ugonjwa

Wiki mbili zikipita na zile dalili tano zipo, feni na benchi havitoshi. Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya, na kwa Dar hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, kisha Muhimbili. Sema wazi mlangoni: "Silali wiki ya tatu, na sina hamu ya kuishi kama zamani." Ukisema "kichwa kinauma" utapewa dawa ya kichwa.

Dawa za sonona, kama fluoksetini au amitriptilini, huchukua wiki 2 hadi 4 kuanza kusaidia, ilhali maudhi yake, kichefuchefu, kinywa kukauka, usingizi, huja wiki ya kwanza. Wengi huacha siku ya sita wakisema imewazidishia. Wengine huacha mwezi wa pili kwa kuwa wamepona, na ugonjwa unarudi. Huendelezwa angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu, na huachwa kwa kupunguza polepole chini ya tabibu. Dawa hizi hazifanani na diazepamu, hazileti uteja.

Mtu akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu bila safari, au kusema wengine wangepumzika asipokuwepo, muulize moja kwa moja: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, usimwache peke yake, hata chooni mtu awe mlangoni, ondoa dawa na sumu zote ndani, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri Jumatatu. Kenya namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199; kwa mtoto Tanzania, 116. Njiani hakuna haja ya kumhubiria wala kumkumbusha watoto wake. Kaa naye kiti cha nyuma, na mtakapofika zungumza wewe na watu wa mapokezi, kwa maana wakati huo kueleza tu jina lake kunaweza kuwa kazi iliyomshinda.